Kabla hujapanda semi, uliza nani analipia kusubiri

Maswali ya wasomaji. Anajibu dereva wa masafa marefu, mkazi wa Isevya, Tabora.

Barua za safari hii karibu zote zimetoka huku kwetu, Tabora na Kigoma, na sababu yake naiona kila nikiwa nyumbani. Tangu lami ilipounganisha Manyoni, Itigi na Tabora, malori yanayokata lile pori yameongezeka, na vijana wanaoyatazama kando ya barabara nao wameongezeka. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba mambo ya wengi.

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Nipo Urambo, nina miaka 27. Leseni yangu ni daraja E, na kwa misimu kadhaa nimeendesha Fuso nikibeba marobota ya tumbaku kutoka chama cha msingi kwenda ghalani Tabora. Sasa kampuni moja ya Dar imeniita nikaendeshe semi, yale malori marefu ya kuvuta tela, Dar kwenda Lubumbashi na mara nyingine Bujumbura. Mshahara na posho wamenitajia kwa simu tu. Kazi yenyewe ikoje, na niulize nini kabla sijakubali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usukani utauzoea. Kurudisha nyuma semi ni somo ambalo Fuso halikukufundisha, maana ukikata usukani kulia tela linakwenda kushoto, lakini ukipata uwanja mtupu na mwalimu mvumilivu utalijua. Ukiwa na ada, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar kina kozi ya madereva wa magari makubwa ya mizigo, na cheti chake kinakusaidia ofisini.

Kitakachokuchosha ni kusimama. Utasubiri bandarini kupakia. Utasubiri mizani ya kupimia magari. Utasubiri Tunduma kuingia Zambia, utasubiri Kasumbalesa kuingia Kongo, na ukifika Lubumbashi utamsubiri mwenye mzigo apate nafasi ya kushusha. Halafu utasubiri mzigo wa kurudi nao. Mpita njia akimwona dereva amekaa kivulini chini ya tela na kikombe cha chai, anadhani amepumzika. Hajapumzika huyo. Analinda mzigo wa watu, turubai, betri, matairi na tangi la mafuta, na kwenda kuoga tu ni mpaka apate wa kumwachia gari. Usiku anajilaza kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, sikio liko nje.

Sasa tazama pesa inavyokwenda. Kampuni nyingi hukupa fungu moja la posho kwa safari nzima, na fungu hilo limepigiwa hesabu ya safari iliyonyooka. Safari ikipinda, siku za ziada unakula mfukoni mwako. Mwaka mmoja nilikwama ng'ambo ya Tunduma wiki kadhaa, makaratasi ya mwenye mzigo hayajakamilika. Posho iliisha mapema. Nilipopiga simu ofisini nikajibiwa kwamba safari ni moja na posho ni moja. Nilikula kwa kukopa, kwa mama ntilie na kwa madereva wenzangu, nikarudi Tabora na madeni ambayo hakuna ofisi iliyoyatambua. Makaratasi hayakuwa yangu, mzigo haukuwa wangu, lakini ngojangoja ile niliilipia mimi. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu bado naona vijana wakifanyiwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa hao waliokuita, kabla hata ya mshahara, liwe hili: gari likisimama kupita siku zilizopangwa, kwa sababu isiyo yangu, nalipwa kiasi gani kwa siku, na pesa hiyo inanifikiaje nikiwa huko huko? Kampuni iliyojipanga itakutajia kiasi na namna ya kukutumia. Wakikwambia "tutaangalia", jua kwamba hakuna kitu.

La pili, kataa mkataba wa simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, inataka mkataba uwe wa maandishi pale mfanyakazi anapopangiwa kufanya kazi nje ya Jamhuri ya Muungano. Lubumbashi iko Kongo na Bujumbura iko Burundi. Wakupe karatasi, uisome umekaa, na malipo ya siku za kusubiri yawe yameandikwa humo. Angalia pia mshahara wenyewe umeandikwa shilingi ngapi. Wako wanaoandika mshahara mdogo na kukuvutia kwa posho kubwa. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anatakiwa kubeba angalau nusu yake. Mshahara ukiandikwa mdogo, uzee wako nao utapimwa kwa mdogo huo.

Kuhusu mizani nitakwambia jambo moja ambalo wageni hawalijui. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na hapa nchini ilianza kutumika Machi 2019. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, lakini kila ekseli, yaani ule mhimili unaoshika magurudumu, nayo ina kikomo chake: ya usukani tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10. Ina maana unaweza kuwa chini ya uzito wa jumla na bado ukakamatwa kwa sababu mzigo umelalia upande mmoja. Ukienda Bujumbura utapimwa Vigwaza, Nala, Njuki, Mwendakulima, na mzigo husogea mbele kidogo kidogo kwa kila breki na kila mteremko. Wanapopakia, usiende kunywa soda. Simama hapo, hesabu mistari ya magunia, waambie wapakiaji wafunge vizuri. Ukifika mizani ekseli imezidi, siku utakayopoteza ukipanga upya mzigo ni siku nyingine ya kusubiri.

Makaratasi yako mwenyewe ni pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ya gari ni ya kampuni, lakini hakikisha kwa macho yako kwamba ile bima ya kadi ya njano ya COMESA haijaisha muda. Na ukiingia Burundi au Kongo kumbuka kule wanapita kulia. Usukani wa gari lako utakuwa upande wa ukingo wa barabara, hivyo ukitaka kulipita gari la mbele huoni kinachokuja. Utingo ndiye jicho lako. Kama umepangwa peke yako, vumilia nyuma ya lililo mbele.

Ukipata majibu mazuri, nenda mwanangu. Mimi kazi hii imenijengea nyumba na kusomesha watoto, na sijaona kazi nyingine ambayo ingenifikisha Kolwezi na Kigali nikiwa mtoto wa mkulima.

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi ni mke wa dereva, naishi Mwanga, Kigoma. Mume wangu akishatoka, zinaweza kupita siku kadhaa simu haipatikani. Jirani zangu wananiambia dereva ana nyumba kila kituo. Sina raha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba shemeji. Pole kwa mzigo huo wa moyoni. Simu kutopatikana peke yake kusikunyime usingizi. Kuna vipande vya pori visivyo na mtandao, na akivuka mpaka, laini yake ya huku inaweza kuzima mpaka anunue ya huko. Pia nakuomba usitake apokee simu akiwa anaendesha. Mkubaliane vituo: akifika Uvinza anatuma ujumbe, Kaliua anatuma, Tabora, Itigi, Manyoni vivyo hivyo. Ujumbe wa neno moja unatosha.

Kitu cha muhimu zaidi ambacho wake wengi wa madereva hawana ni namba ya ofisi. Mwambie akupe jina la kampuni, namba ya gari, na simu ya msimamizi wa magari. Malori mengi siku hizi yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, ofisi inaona lilipo. Siku ukihofia, unapiga unaulizia gari fulani liko wapi, basi. Na nakala ya mkataba wake ikae kwenye sanduku lako hapo nyumbani, pamoja na namba yake ya NSSF. Likitokea la kutokea ukiwa huna karatasi hizo, utazungushwa.

Hayo ya nyumba kila kituo siwezi kumjibia mume wako. Wapo wanaofanya hivyo na wapo wasiofanya. Siku nyingi za upweke mpakani zinamjaribu mtu. Akirudi, nendeni wote wawili zahanati mkapime virusi vya UKIMWI, na mfanye hivyo mara kwa mara bila kusubiri ugomvi. Mimi na mke wangu tunakwenda. Ni jambo la heshima kati ya watu wanaopendana na wanaoishi mbalimbali.

SWALI: Shikamoo baba. Mimi ni utingo, kwetu Igunga. Dereva wangu kila tukiteremka Sekenke anaweka fri, yaani anatoa gia, anasema anaokoa mafuta. Gari linavuma mpaka naogopa. Je, ni sawa?

JIBU: Si sawa hata kidogo, na hofu yako ni ya kweli.

Gari likiwa kwenye gia, injini yenyewe inalizuia. Ukiweka fri umeiondoa injini kazini, tani zote zile zinashikwa na breki peke yake. Breki ikishikwa muda mrefu inachemka, kitambaa chake kinapoteza nguvu, unakanyaga na gari haliitikii. Ukizidi kupiga pampu kwa hofu, unamaliza kwenye mitungi ule upepo unaoendesha breki. Hapo hata kurudisha gia huwezi, kwa sababu mwendo umeshapita uwezo wa gia.

Na hayo mafuta anayoyaokoa hayapo. Injini za dizeli za kisasa, zinazoongozwa na kompyuta, ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye gia zinakata mafuta kabisa mteremko mzima. Ukiweka fri ndipo zinakunywa, ili zisizime.

Namna ya kuteremka ni hii: ukitokea Singida, chagua gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Washa breki ya ekzosti, ile inayobana moshi ili injini ilizuie gari. Mwendo ukipanda, kanyaga breki kwa nguvu upunguze, kisha achia ipoe, usiiegemee. Mkifika bondeni kuelekea Shelui, simameni. Shuka, pita kila gurudumu ukisogeza mgongo wa mkono karibu na rimu ya tairi, bila kugusa. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake breki yake inang'ang'ania. Lililo baridi wakati mengine yana moto, hilo breki yake haifanyi kazi, na ndilo la kuogopa zaidi. Beba pia kipande cha chuma ugonge matairi, hasa yale ya ndani ya pacha, kwa sababu la ndani likiisha upepo la nje linaendelea kulibeba na kwa macho huoni. Lenye upepo linarudisha chuma mkononi. Lililoisha linatoa sauti ya kufa.

Mwambie dereva wako maneno haya mkiwa mnakula, si mkiwa mlimani. Mwite kaka, mwombe akufundishe kuteremka na gia. Akikataa, tafuta gari lingine. Utingo hufa kwenye ajali sawasawa na dereva.

SWALI: Mimi ni msichana wa Nguruka. Mwanamke anaweza kuendesha semi?

JIBU: Anaweza. Usukani wa siku hizi hautaki misuli, na wanawake wako barabarani. Shida yako kubwa itakuwa choo na mahali salama pa kulala, hivyo muulize mwajiri magari yake yanalala wapi usiku, na ukatae kulazwa kwenye gari porini. Anza na leseni na gari dogo la mizigo. Nakuombea ufike.

SWALI: Kaka habari. Naendesha lori, nipo Kasulu. Mwezi uliopita kampuni imenikata zaidi ya nusu ya mshahara ikidai lita za mafuta zimepungua. Hakuna barua wala kikao. Nimeambiwa nikilalamika niache funguo.

JIBU: Nzuri kaka, na pole sana. Kwanza mafuta hayapungui kwa wizi tu. Foleni ya mpakani, ambapo unawasha injini, unasogea hatua tano na kusimama tena, inakunywa lita nyingi bila gari kwenda popote. Matope yanakunywa. Mzigo mzito unakunywa. Kama ofisi imekupimia lita za safari iliyonyooka, siku za kusubiri zimekuibia mara mbili, kwenye posho na kwenye tangi.

Sheria ileile ya ajira ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukukata hivihivi. Ili akate kwa hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie kiasi na sababu, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wewe umekatwa zaidi ya nusu, bila hata karatasi.

Andika barua ya heshima kwa mwajiri, eleza ulikosimama na siku ulizosimama, ambatisha risiti za mafuta na za maegesho ulizonazo, na ubaki na nakala iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Asipojibu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ukajaze fomu namba moja. Kwa dai kama lako una siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Wakikufukuza kwa sababu ya kulalamika, dai la kuachishwa kazi isivyo halali lina siku 30 tu. Mwezi uliopita umeshakula sehemu ya muda huo. Barua iandike leo.