Kunde zimekuwa uji, nyama bado raba

Shangazi, shikamoo. Niko Charleston, Carolina Kusini, huku Marekani, mwaka wa pili sasa. Wenzangu kazini wanasema Mwaka Mpya lazima ule kunde na wali uliopikwa na nguruwe, eti ndiyo bahati yenyewe. Nikanunua mfuko wa kunde kavu na vifundo viwili vya mguu wa nguruwe, vile vya chumvi vilivyofukizwa moshi. Nikabandika vyote pamoja na kijiko cha chumvi, kama tunavyofanya kwenye maharage. Baada ya saa moja na nusu kunde ni uji, nyama raba, mchuzi maji ya bahari. Wageni wakala mkate. Nimekosea wapi? Na je, naweza kupikia maharage mekundu kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo?
*Mchaga wa Charleston*

Marahaba mwanangu. Pole na wageni. Kosa hilo hata mimi nililifanya nilipokwenda huko huko Carolina kumlea mjukuu. Jirani, mama mtu mzima mzaliwa wa pale, alifunua sufuria yangu, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Sisi kitimoto tumezoea cha kukaanga au kuchoma, mara moja kimeiva. Kifundo si nyama ya hivyo. Ni ngozi, mishipa na mfupa, na kinataka saa mbili na nusu, hata tatu. Kunde kavu, hata usipoziloweka, zinaiva kwa dakika 45 hadi saa nzima. Ukivibandika pamoja lazima kimoja kiumie.

Yule mama alinifundisha kuanza na nyama peke yake: maji ya kuifunika, kitunguu kizima, pilipili kavu, moto mdogo, mfuniko. Usiende kwa saa ya ukutani. Shika ncha ya mfupa kwa koleo uuzungushe. Ukicheza ndani ya nyama kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, tayari. Hapo onja mchuzi, kabla kunde hazijaingia. Ukikuchoma ulimi, mwaga nusu uongeze maji. Kifundo kimelala kwenye chumvi tangu kiwandani, kwa hiyo kijiko chako weka kando hadi mwisho, na mara nyingi hutakihitaji. Magadi nayo usiguse: kunde ni laini, zitayeyuka na kunuka sabuni.

Wali wao unaingia sufuria ile ile. Kitabu kimoja cha mapishi kilichochapishwa hapo Charleston mwaka 1847 kinataka paini moja ya kunde nyekundu, paini moja ya mchele na ratili moja ya bekoni. Mchele ukishachemka nusu saa, sufuria inaepuliwa na kukalishwa juu ya makaa ili wali umalizikie kwa mvuke. Mimi hapo niliwaona bibi zetu wakipalia. Si ajabu, maana kunde zenyewe asili yake ni Afrika, na waliozipika kwenye majiko yale walikuwa watu wetu waliovushwa bahari kwa nguvu.

Maharage mekundu kwenye sufuria yako ya umeme, hapana. Mabichi yana sumu, na joto lile dogo haliiondoi. Utatapika usiku kucha. Loweka walau saa tano, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya yanayotokota kwa nguvu dakika 10 kamili, ndipo uyahamishie humo.

Na ninyi mtakaoniandikia kwamba nguruwe hamli, tumieni bawa la batamzinga lililofukizwa moshi. Majirani zangu wengi kule walipikia hilo hilo. Mchuzi wake si mzito kama wa kifundo, lakini moshi upo.

Ile sufuria yako kama bado hujaimwaga, opoa vifundo uvirudishe motoni kwenye maji mapya saa moja na nusu nyingine. Kunde ziponde, ongeza maji na viazi vitatu visivyotiwa chumvi, vichemke mpaka vilainike. Mjukuu wangu aliomba supu hiyo siku mbili mfululizo, na mama yake hajui hadi leo ilitokana na nini.