Je, naweza kununua plagini bila programu yake?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni prodyuza chipukizi, niko Morogoro. Biti zangu zote nazipika kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, na Gross Beat, plagini (kijiprogramu cha nyongeza) ya kukatakata sauti, ndiyo mkono wangu wa kulia. Nimepata kibarua studio inayorekodi kwa Reaper, na mwenye studio hataki kusikia habari ya programu nyingine. Naweza kununua plagini ninazozipenda tu, nizitumie humo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kibarua. Baadhi unaweza, baadhi hazitoki.

Programu nyingi za muziki huelewana na plagini kwa mfumo uitwao VST, ulioletwa na Steinberg wa Ujerumani mwaka 1996. Image-Line wa Ubelgiji, wenye FL Studio, walitengeneza plagini zao nyingi kwa mfumo wa ndani, unaosomwa na FL peke yake. Ile Fruity Parametric EQ 2 uliyoizoea, ya kusawazisha besi na sauti za juu, yenye rangi zinazocheza nyuma ya mstari, utaiacha huko. Gross Beat na Harmor, ala yao ya kuunda sauti, zimewahi kutengenezewa pia VST ya Windows na kuuzwa mojamoja. Pitia duka lao kwanza uone kama bado zinauzwa hivyo.

Lakini usikimbilie kutoa hela. FL Studio nzima hufunguka kama plagini ndani ya programu nyingine. Ukiwa Reaper, ongeza traki, itafute kwenye orodha ya ala, na biti yako italia humo humo ikifuata tempo ya Reaper. Kuhusu leseni kwenye kompyuta ya studio, kaa na bosi wako mzungumze mapema.

Suala hili linanigusa. Kuna msanii aliniletea projekti iliyoanzwa studio nyingine. Nikaifungua, traki nne zikawa kimya, na kila moja ina ujumbe kwamba plagini haipo. Sauti yake ya kiitikio ilikuwa imekatwakatwa kwa ufundi mzuri, na ufundi wote ulikuwa ndani ya plagini ile. Tulirudia kiitikio mpaka saa saba usiku, koo limemkauka, na hakikufika pale.

Ndiyo maana nawaheshimu wanaofungua mlango. Cockos, wenye Reaper, wanatoa ReaPlugs, mkusanyo wa plagini zao, bure kwa watumiaji wa programu nyingine za Windows. Iliyomo humo, ReaComp, ni kompresa (plagini ya kupunguza sauti inapopanda sana) ninayoiweka kwenye sauti karibu kila siku. Wenye Reason, programu nyingine ya muziki, nao mwaka 2019 waliitoa raki yao ya ala na efekti ifunguke ndani ya programu nyingine. Najua kuuza plagini peke yake kuna kazi: lazima uijaribu kwenye kila programu, na ikigoma kwenye programu kama Cubase lawama ni zako. Hata hivyo, fundi aliyezoea kifaa chako yuko tayari kukulipa popote alipo.

Na wiki hii, kabla hujaanza kazi, toa stemu za biti zako zote, yaani sauti ya kila ala peke yake, kwa faili za WAV, kila moja ianzie sekunde sifuri. Zile zenye Gross Beat zitoe mara mbili: yenye efekti na kavu.