Ukiwa mshauri wa kijana mwenye usonji mtandaoni, mwache achague namna ya kuongea

Ukikubali kumshauri kijana mwenye usonji (autism) au ADHD (hali inayofanya iwe vigumu kutulia na kukaza fikra) kwa njia ya mtandao, usianze na simu ya video. Muulize kwanza anapenda mzungumzeje: kwa kuandika, kwa ujumbe wa sauti, au kwa simu kamera ikiwa imezimwa. Wengi ninaowashauri huchagua kuandika. Kwenye video inambidi akutazame usoni, akusikilize, atafute jibu na avumilie kelele za feni, vyote kwa pamoja. Mpe nafasi ya kuandika, na yuleyule anayeambiwa shuleni kuwa haongei atakuandikia aya tatu kuhusu vichwa vya treni za SGR. Na bando halimwishii.

Akinyamaza baada ya swali, usimrushie la pili. Tiki zikiwa za bluu ameshasoma, anapanga jibu. Nimepata majibu mazuri sana yaliyokuja kesho yake asubuhi.

Andika kwa uwazi. "Tutaongea baadaye" inaweza kumkosesha usingizi: baadaye saa ngapi, kuhusu nini, nimekosa nini? Mimi huandika hivi: "Jumamosi saa 10 jioni. Dakika 30. Tutapanga ratiba ya kusomea mtihani wa hesabu. Kamera si lazima." Saa ikibadilika namjulisha mapema, na sababu namwambia.

Halafu kuna suala la shikamoo. Unafungua simu unakuta: "Faili halifunguki." Basi. Watu wazima wengi hapo hukasirika, wakaona hana adabu. Hajakudharau, ameleta kilichomjaa kichwani. Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kunatoka pande zote mbili. Kwa hiyo nawe jifunze kumsoma. Jibu kuhusu faili kwanza.

Kuna jambo moja silegezi kamba: mzazi ajue ratiba, aweze kuona mazungumzo, na pasiwe na siri wala kutumiana pesa. Vijana hawa wengi huamini neno kama lilivyosemwa, na matapeli wanalijua hilo.

Mkikaribia kumaliza, usipotee tu. Mwambie mwezi mmoja kabla, mtajie tarehe ya kikao cha mwisho, na mkutanishe na atakayeendelea naye wewe ukiwa bado upo.