Ukija Mji wa Kale, Njoo na Bakuli

Mwaka juzi binamu yangu wa Nairobi alinitumia ujumbe: "Dada, tunashuka Mombasa Ijumaa. Jumamosi utupeleke branchi." Nilikuwa jikoni na mama, nikausoma kwa sauti. Mama akainua macho kutoka kwenye mbuzi ya nazi.

"Branchi ya benki gani?"

Nikamweleza kwamba ni mlo wa watu walioamka wamechelewa, chai ya asubuhi imewapita na chakula cha mchana hakijaiva. "Ala! Si chai ya saa nne hiyo?" akasema, akaendelea kukuna.

Nilikosea mara ya kwanza. Niliona haya kuwaleta watu waliozoea kahawa ya mashine kwenye vichochoro vya kwetu Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, nikawavusha daraja hadi Nyali, kwenye mkahawa wa viti vyeupe na bahari mbele. Bahari ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini tulingoja karibu saa nzima, na sahani ya "asubuhi ya Kiswahili" ilipofika ilikuwa na mahamri manne yaliyopashwa moto mpaka yakakauka kingo, na mbaazi ambazo tui lake lilikuwa limekatika, maji huku na mafuta kule. Binamu akala kwa adabu, nami nikalipa kwa adabu vilevile. Nilipomsimulia mama hakucheka. Aliuliza tu: "Mahamri saa tano? Nani ala mahamri saa tano?"

Tangu siku hiyo mgeni wangu yeyote namwamsha. Najua yuko likizo, na najua atanung'unika, lakini saa mbili unusu tuwe tumeshashuka kwenye tuktuk karibu na Fort Jesus. Huko Nairobi watu huchagua kwanza mahali, kisha wakafika saa wanayotaka. Mji wa Kale haujapangwa hivyo. Kila kitu kina saa yake na kina mtu wake, na anayepika mahamri mazuri kwa kawaida hana meza hata moja, na mwenye meza nzuri huenda mahamri yake ameyanunua kwa huyo asiye na meza. Kwa hiyo ukiniuliza mkahawa bora wa mtaa huu, nitakujibu kwa kukutembeza.

Tuanze na mahamri, maana ndiyo yanayokwisha kwanza. Mwanamke anayeyauza ameshakanda unga tangu usiku: tui, sukari, hamira, iliki iliyotwangwa wala si ile ya unga ya paketi. Alfajiri unga umeumuka, anausukuma, anaukata pembetatu na kuutia kwenye karai. Akimaliza anayapanga kwenye sinia mlangoni pake, au dirishani, na kuyafunika. Hakuna ubao wala jina. Utamjua kwa watoto waliotumwa, wamesimama na mabakuli na sarafu mkononi. Ukiona foleni ya watoto wanaogombana, simama hapo hapo. Ukiona sinia limejaa na hakuna mtu, jiulize kwa nini.

Namna ya kulijua hamri zuri: lichane. Ndani liwe na uwazi, limefura kama mto, na harufu ya iliki itoke kabla hujalitia mdomoni. Likiwa limejaa nyama ya unga kama mkate wa dukani, basi halikuumuka au lilisukumwa nene. Likikuachia mafuta mpaka kiganjani, karai halikuwa na moto wa kutosha. Na usimuulize muuzaji kama ni ya leo. Utamuudhi bure.

Mbaazi ni habari nyingine, na hapa mimi ni mkali. Zimelowekwa usiku, zimechemshwa mpaka zimelainika bila kupondeka, zikatiwa tui jepesi pamoja na kitunguu na pilipili, na mwisho kabisa tui zito, moto mdogo, mkono haupumziki mpaka sufuria liepuliwe. Hilo la mwisho ndilo lililowashinda wale wa Nyali. Tui zito likiachwa litokote kwa fujo hukatika, na likishakatika hakuna la kufanya. Mbaazi nzuri zina rojo linaloshika hamri lisidondoke. Ukiinua tonge na rojo likakimbilia kwenye kiwiko, hizo zimeongezwa maji ili zifike saa nne.

Sasa bakuli. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, na hata kabla ya hapo mbaazi za moto kwenye plastiki lilikuwa jambo la kusikitisha. Mahamri utafungiwa kwenye karatasi. Mbaazi hazifungiki kwenye karatasi. Njoo na bakuli lenye kifuniko, na kijiko kama huwezi kula kwa mkono. Mimi hubeba bakuli la mama, la bati lililopakwa rangi ya buluu, limebanduka ukingoni. Mara moja nilisahau, nikasimama mbele ya sufuria mikono mitupu, na yule bibi akanitazama kama nimekuja harusini bila kiatu. "Mwanangu, wataka nikutilie wapi?" Akaniazima sahani yake, nikala nimesimama mlangoni kwake huku akinisubiri nimalize. Sijasahau tena.

Jambo la pesa halina maneno mengi. Wengi siku hizi wanapokea M-Pesa, lakini kumtumia mtu shilingi 40 na kumsimamisha afungue simu ilhali mkono wake una unga si uungwana. Beba sarafu. Mara ya mwisho tulikuwa watu wanne, na mpaka tumeshiba hatukuwa tumemaliza shilingi 500.

Mkiwa na mahamri yenu na bakuli lenu, mtakula wapi? Hapo ndipo wageni wangu huanza kutazamana. Kuna mabaraza ya mawe nje ya nyumba, lakini baraza lina wenyewe. Ukilikuta tupu, toa salamu kwa mlango ulio wazi, omba, utakaribishwa na pengine utaletewa maji. Usikae tu kana kwamba ni kituo cha matatu. Mimi hupenda kushuka kwa barabara ya Mbarak Hinawy, nipite Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa mwaka 1570, na mnara wake mwembamba uliochongoka juu, niendelee hadi upande wa Bandari ya Kale. Hapo kuna upepo, kuna maji, na ng'ambo ya pili unaiona Nyali yenyewe. Binamu yangu aliitazama, akaniambia, "Dada, tulikaa kule tukalipa ili tutazame huku?"

Kahawa tungu huuzwa kutoka kwenye dele la shaba lililokaa juu ya makaa, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na huwa kali, haina sukari, ina tangawizi. Utamu unauleta wewe: kipande cha halua, kashata, au tende. Hapa lazima niseme ukweli ambao mabango ya watalii hayasemi. Baraza la kahawa ni la wanaume. Hakuna atakayenifukuza, lakini nikifika mazungumzo hubadilika, mzee mmoja huanza kunihudumia kupita kiasi, na kila mtu anakuwa na adabu ya msibani. Ukiwa mwanamume, kaa, sikiliza siasa na mpira, usichangie kabla hujaulizwa. Ukiwa mwanamke unaweza kununua na kunywa, ila raha ya kuketi saa nzima hutaipata hapo.

Ndiyo maana, baada ya kula nje, sisi wanawake tunahitaji mahali pa kuketi ndani. Hapo sasa ndipo mkahawa una kazi yake. Wangu mimi ni Jahazi Coffee House, pale Ndia Kuu. (Hiyo "ndia" si kosa la uandishi. Wamvita, wenyeji wa Mombasa, husema ndia, wewe sema njia, tutaelewana.) Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, iko hatua chache tu, kwa hiyo kuna wageni wengi, lakini hata wenyeji huingia. Kuna mito ya kuegemea, kuna ubaridi wa nyumba ya kuta nene, na kuna chai ya viungo isiyokuharakisha. Agiza chai au kahawa, ongeza kitu kidogo, mkae. Usiende na njaa ukadai mlo mkubwa haraka, maana umeshakula, au ungekuwa umeshakula kama ungenisikiliza. Mimi nimemalizia pale mazungumzo matatu ya uchumba wa watu wengine na moja la kwangu.

Kuanzia saa nne na nusu jua la Mombasa halina utani, hasa Desemba mpaka Machi wakati wa kaskazi. Wakati wa kusi, kama Julai, unaweza kujivuta mpaka saa sita. Kama bado mna nguvu, tembeeni mpaka Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914 ambalo kwenye karatasi linaitwa Mackinnon Market na hakuna mtu nimjuaye anayeliita hivyo. Hapo si pa kula. Ni pa kununua iliki, mdalasini, ukwaju na achari ya embe, ili mkirudi bara mjaribu, mkishindwa mtupigie simu. Usinunue viungo vilivyokwisha sagwa. Omba vizima, uvinuse.

Katika kila kundi huwa kuna mmoja asiyependa nazi. Sijui walilelewa wapi, lakini wapo. Huyo mpeleke Makadara Road, Tarboush, akale mkate na nyama ya kuchoma, atulie. Na kuna mwingine atakayeuliza viazi vya karai wapi. Vile viazi vyenye koti la manjano vinavyochovywa kwenye ukwaju ni vya alasiri na jioni. Mwambie angojee. Akilazimisha asubuhi, atauziwa vilivyolala.

Ijumaa usije saa tano. Watu wanajiandaa kwa sala, milango inafungwa, na utabaki unazunguka vichochoroni na paka. Ramadhani usije mchana kabisa. Njoo magharibi, uone kaimati, sambusa na mkate wa mayai vikitoka kwa pamoja, na huo ni mlo mwingine na unastahili makala yake. Nguo: funika mabega na magoti, si kwa sababu utakatazwa, bali kwa sababu unakula mlangoni pa nyumba ya mtu. Picha: mpige hamri, usimpige mpishi mpaka umemuomba. Nimeona msichana mmoja akiinua simu juu ya sinia la watu, na sinia likafunikwa hapo hapo, na foleni nzima tukakosa.

Mwaka huu binamu alirudi, safari hii na mama mkwe wake. Sikumwambia lolote. Saa moja na nusu nikasikia hodi, amesimama mlangoni amevaa viatu vya kutembea. Tulifika kwa yule bibi wa mbaazi tukiwa wa tatu. Mama mkwe, ambaye njia nzima alikuwa amenyamaza, alionja, akafumba macho, akauliza kwa Kiswahili chake cha Nyeri kama angeweza kuongezewa. Bibi akamjazia mpaka ukingoni, akakataa pesa ya nyongeza, akasema mgeni ni baraka, siku mbili.

Ya tatu hatukuifikia. Walipanda treni Jumapili jioni wakiwa na mbaazi za mwisho, zimefunikwa vizuri, za kulia njiani. Mama ananiuliza kila wiki. Bakuli lake la buluu bado liko Nairobi.