Yoga, kutafakari na kuzeeka kwa seli: anza na dakika 12

Usianze kwa kununua kipimo cha telomea. Telomea, zile ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) zenye herufi za DNA TTAGGG zinazojirudia maelfu ya mara, hupungua kila seli inapogawanyika. Zikifupika mno, seli huacha kugawanyika. Lakini upungufu wa mwaka mmoja ni mdogo sana, na kosa la kipimo chenyewe linaweza kuuzidi. Utalipia namba isiyokuambia kitu.

Kinachofikiwa na yoga ni msongo wa mawazo. Mwaka 2004 watafiti Elissa Epel na Elizabeth Blackburn walionyesha kwamba akina mama wanaouguza watoto wenye maradhi sugu, waliojiona wamelemewa zaidi, walikuwa na telomea fupi zaidi. Mwaka 2013 Helen Lavretsky na wenzake waliwapima walezi wa wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Waliotafakari dakika 12 kila siku kwa wiki 8 walipandisha telomerezi, kimeng'enya kinachorefusha telomea, kuliko waliosikiliza muziki wa kutuliza. Walezi hao kwa idadi hawakufika hata 40. Kupanda kwa kimeng'enya, tena, si sawa na telomea kurefuka, na anayekuahidi kurudisha ujana anauza kitu.

Dakika 12 zenyewe ziende hivi. Kalia blanketi lililokunjwa, nyonga ziwe juu ya magoti. Bila hivyo mgongo hupinda, kifua hubanwa na pumzi huishia juu. Kiti kinafaa pia, nyayo zikae sakafuni. Dakika 2 za kwanza acha pumzi ijiendee. Kisha vuta kwa puani ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6, yaani pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika 5. Utoaji mrefu ndio unaopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usiukate. Dakika 5 zilizobaki acha kuhesabu, fuata pumzi tu. Akili itatoroka, irudishe bila kujikaripia. Kule kurudisha ndiko zoezi lenyewe, si akili kuwa tupu.

Kizunguzungu, au ganzi midomoni na vidoleni, ni dalili kwamba unavuta hewa nyingi kupita kiasi na kaboni dayoksaidi imeshuka kwenye damu. Punguza ukubwa wa pumzi; kuvuta kwa 3 na kutoa kwa 4 inatosha kwa mwanzo. Wasiwasi ukizidi ukifumba macho, fumbua, tazama sakafu, au tembea polepole. Wasiwasi huo ukiendelea siku hadi siku, acha na umwone mtaalamu wa afya ya akili.

Mikao ifanywe kabla ya kukaa, dakika 15 hivi: paka na ng'ombe (viganja na magoti sakafuni, mgongo unapanda na kushuka), mbwa anayeinamisha kichwa (viganja na nyayo sakafuni, nyonga juu), mkao wa shujaa (mguu mmoja mbele goti limekunjwa, mwingine nyuma umenyooka), kisha kulala chali. Mwenye glakoma (presha ya macho) au shinikizo la damu lisilodhibitiwa aepuke mikao ya kichwa kuwa chini, na huyo mbwa yumo. Mjamzito asizuie pumzi wala kusokota kiuno. Goti likiuma, toka. Maumivu ya kiungo hayaleti faida yoyote.

Vidonge vinavyodaiwa kuamsha telomerezi viache dukani. Seli nyingi za saratani hutumia kimeng'enya hichohicho ili zisife. Na kama unaamka saa kumi alfajiri kutafakari baada ya kulala kwa muda wa saa nne tu, rudi ulale.