Kebo mbili za mapambo

Usiku wa kuamkia Jumanne wiki iliyopita swichi moja ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kebo za kompyuta na seva, ilikufa ofisini kwetu. Ilikufa moja kwa moja, haikubaki hata taa moja ya kupepesa. Kumbukumbu za seva zinaonyesha kuwa saa 9 na dakika 9 usiku kadi ya kwanza ya mtandao ilipoteza njia, na papo hapo kadi ya pili ikapokea kazi. Mimi nilikuwa nakoroma. Asubuhi akina dada wa kaunta wakafungua kama kawaida, wateja wakalipa marejesho ya mikopo yao, na mpaka saa 4 hakuna aliyejua kwamba tunatembelea mguu mmoja. Niligundua nilipoingia chumba cha seva kutafuta bisibisi.

Nilitamani kupiga vigelegele, ila nitampigia nani? Ukimwambia mhasibu, "Dada, jana mfumo haukukatika," atakuuliza kama ulitakiwa kukatika. Basi naja kujitapia hapa, kwenu mafundi wa mitandao mnaolala simu ikiwa chini ya mto.

Lakini siwezi kujitapa bila kusema nilikotoka.

Miaka mitatu nyuma niliomba pesa ya swichi ya pili. Seva yetu kuu ina poti nne za mtandao na tulikuwa tunatumia moja, dhambi ambayo najua wengi wenu mnaitenda mpaka leo. Nikasimama kwenye kikao, nikachora ubaoni seva, swichi mbili, kebo mbili. Nikasema, na maneno haya yananiandama: "Hata fundi akikata waya mmoja, mfumo hautajua." Wakapitisha. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na mzigo wangu, nikaunganisha usiku mmoja. Nikapiga ping, yaani nikaiita seva kupitia mtandao, ikajibu, nikaenda kula chipsi.

Tarehe 28 ya mwezi uliofuata, Ijumaa, siku ambayo foleni ya wateja inafika mpaka nje, nilikuwa Kibaha kwenye harusi ya binamu yangu. Simu ikaita.

"Kaka, mfumo umegoma."

"Umegoma vipi?"

"Umegoma tu. Fundi wa AC alikuwa huko ndani, ametoka, umegoma."

Nikajaribu kuingia kwa mbali, seva haifikiki. Hakuna aliyethubutu kugusa kitu, na sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyebandika karatasi mlangoni ya USIGUSE CHOCHOTE. Kibaha hadi Posta, Ijumaa, na suti. Anayeijua Mbezi na Kimara jioni hahitaji maelezo. Saa mbili na nusu baadaye nikafika, nikakuta kebo moja inaning'inia nyuma ya kabati. Ngazi ya fundi iliinasa. Nikaisukuma, ikalia kach, mfumo ukarudi. Nilivuka foleni yote ile ya magari kwa kazi ya sekunde moja. Hata pilau sikuionja.

Jumatatu kwenye kikao meneja hakufoka. Angefoka ningepona. Alisema kwa upole tu: "Kwa hiyo zile kebo mbili ulizotununulisha ni za mapambo?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikarudi mezani kwangu nikafunga mlango. Mpaka leo akipita na kuangalia kabati lile nahisi analisema lilelile moyoni.

Sasa kosa lenyewe. Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, inakuruhusu kufunga kadi mbili ziwe kama kadi moja, ndiyo tunaita bondi. Mimi nilichagua active-backup: kadi moja inafanya kazi, ya pili inasubiri. Ni sawasawa. Ila kerneli, kiini cha Linux, haiangalii yenyewe kama kebo ipo au haipo, lazima uiambie iangalie kila baada ya muda gani. Mpangilio huo unaitwa miimon, na usipouandika kwenye active-backup unabaki 0. Sifuri hapa maana yake usiangalie kabisa. Nilikuwa nimenakili faili la netplan, lile la mipangilio ya mtandao, kutoka mahali fulani, na mstari wa mii-monitor-interval, ambao ndio miimon yenyewe, haukuwemo.

Nilipofungua /proc/net/bonding/bond0, faili linaloonyesha hali ya bondi, usiku ule, nikachomoa tena ile kebo, nilitaka kulia. Kebo iko sakafuni, naiona kwa macho yangu, na mashine inaniandikia kuwa kadi zote mbili ziko hewani. Mstari wa muda wa kuangalia unasema 0. Baya zaidi, kerneli ilikuwa imeshaonya kwenye kumbukumbu zake kwamba bila miimon, au ukaguzi wa ARP (kuuliza mashine nyingine mtandaoni na kusubiri jibu), haitatambua kebo ikikatika. Ilionya, na mimi nilikuwa nakula chipsi. Nikaweka 100, yaani milisekunde 100, ikague mara kumi kwa sekunde. Mstari mmoja ndio ulioninyima pilau ya harusi.

Kwa hiyo vijana, vuteni kebo. Usiniletee picha ya taa ya kijani, usiniambie ping inajibu. Vuta kebo kwa mkono wako, mtu mwingine akiwa kwenye skrini, kazi ikiwa imefungwa. Irudishe, kisha vuta ya pili. Nafanya hivyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, askari wa getini siku hizi ananiuliza, "Leo ndiyo siku ya kuchomoa?"

Na ukishavuta kebo, zima swichi nzima. Mimi nilipozima ya kwanza, zikazimika zote mbili, maana zilikuwa kwenye ekstensheni moja na nilibonyeza kitufe cha ekstensheni. Niliinunua mimi.

Wapo watakaoniambia nitumie LACP, njia nyingine ya bondi ambayo seva na swichi hukubaliana kutumia kebo zote kwa pamoja. Ni nzuri, lakini swichi lazima ziielewe, na ukitaka kuigawa kwenye swichi mbili, hizo mbili lazima zijue kujifanya moja. Za bei yetu hazijui. Active-backup haidai chochote kwa swichi, ndiyo maana naipenda. Udhaifu wake ni kwamba miimon inaona mpaka poti ya swichi ya jirani tu. Swichi ikiwa hai lakini njia yake ya juu imekufa, seva itaendelea kumwaga data shimoni. Hapo tumia ukaguzi wa ARP, yaani arp_interval na arp_ip_target, badala ya miimon, si pamoja nayo, uielekeze kwa rauta, ili ikikosa jibu ihame.

Watu wananiuliza pia kuhusu kuwa na watoa huduma wawili wa intaneti. Kuwa nao, lakini uliza nyaya zao zinapita wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, kaskazini mwa Durban, na Tanzania tuliumia. Sisi tulikuwa na mikataba miwili na bili mbili, na siku ile yote miwili ilitembea kwa kusuasua. Kumbe ilikuwa inategemea maji yaleyale.

Nirudi kwa swichi yangu marehemu. Jumatano nilipeleka ombi la kununua nyingine, nikaambatanisha kumbukumbu za saa 9 usiku, nimezipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ombi limerudi jana. Meneja ameandika pembeni kwa mkono: "Kama mfumo haukukatika, haraka ya nini?"

Tunatembelea swichi moja. Tarehe 28 ni wiki ijayo.