Litazame ua kwa nyuma

SWALI: Asalaam aleikum, Bibi wa Bustani. Mimi niko Wete. Barazani nina makopo mawili ya yale maua ambayo tunda lake ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu. Moja kanipa jirani, jengine kaniletea wifi yangu kutoka Lushoto. Yote yanatoa ua la rangi ya waridi. Binti yangu wa skuli anasema ni mmea mmoja, ila la Lushoto limepata kivuli zaidi. Mimi moyo haukubali.

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwa picha ulizoleta, moyo wako haukukudanganya.

Rangi iache kabisa. Mimi mwaka mmoja niliyatenga yangu, meupe huku, ya waridi kule, nikajiona mtaalamu. Masika yalipokuja, kwenye ndoo ya meupe likachanua la waridi!

Chuma ua moja kila kopo, ulipindue. Nyuma yake kuna kijimkia, humo ndimo inamokaa asali. La Lushoto mkia wake mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, unafika sentimita tatu hata nne, na ua lenyewe limelala bapa kama kisahani. La jirani mkia ni mfupi, umejipinda, na ua limejikunjakunja. Kisha shika tunda bichi, taratibu lisikupasukie. La jirani lina malaika kama mkono wa mtoto mchanga. La Lushoto ni laini tupu. Hapo kwenye tunda ndipo ninapopaamini mimi. Majani nayo yanasema: la jirani jembamba, ukingo kama msumeno, na maua yamebana kwapani mwa jani bila ya kikonyo cha pamoja.

La jirani ni Impatiens balsamina, asili yake Bara Hindi. La wifi yako naona ni Impatiens walleriana, la huku kwetu Afrika Mashariki. Ila nasema "naona", kwa sababu milima ya Usambara ina nduguye, Impatiens usambarensis, na hao wawili wakikutana huchanganya damu. Tawi la Lushoto siliapii.

Mwambie binti asione haya. John Kirk, balozi wa Uingereza hapa Unguja, alipeleka ua hili la walleriana London, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo alikuwa Sayyid Barghash. Kumbe Hooker huyo huyo alishalipa jina la walleriana mwaka 1868! Baadaye Wajerumani nao wakapata jekundu la Usambara, wakaliita holstii. Majina matatu, mmea mmoja. Mimi ningependa libaki la Sultani, lakini kwa wataalamu jina la mwanzo ndilo linaloshika.

Ukiuziwa sokoni lenye majani matatu au zaidi yaliyozunguka bua mahali pamoja, hilo ni la New Guinea, halimo katika ugomvi wenu.

Na mbegu za jirani ukizitaka, lifunge tunda kwa kipande cha kanga kuukuu kabla halijaiva. Ukichelewa, utaziokota uani kwa watu.